Kijana wa akademi kafika miaka 18: abaki timu kubwa, atoke kwa mkopo, au apande ndege?

Winga wangu mmoja wa kushoto, niliyemfundisha tangu ana miaka 13, aliitwa kufanya mazoezi na kikosi cha kwanza alipotimiza 18. Nilikwenda kumtazama, nikasimama nyuma ya goli. Pasi ya kwanza aliipokea vizuri, akaituliza kwa kushoto, akaanza kuinua kichwa atafute mtu, kama tulivyomfundisha. Kabla kichwa hakijafika juu, beki wa miaka 31 alikuwa ameshaingiza bega na mpira umekwenda. Filimbi haikulia. Kiungo wa upande wake akamwambia neno moja tu: "Mapema." Pasi ya pili akaipoteza vilevile. Ya tatu akairudisha nyuma kwa mguso mmoja, na tangu hapo mpaka mazoezi yanaisha alikuwa anarudisha nyuma tu.

Wiki iliyotangulia alikuwa amefunga mabao mawili ligi ya vijana.

Miezi michache baadaye baba yake alikuja kwangu jioni na mikataba miwili na namba ya simu ya wakala. Timu kubwa ilitaka abaki. Timu ya mkoani iliyokuwa inapigania kutoshuka daraja ilimtaka kwa mkopo, yaani akacheze kwao kwa muda huku akibaki mali ya timu kubwa. Wakala alikuwa na habari za majaribio Ulaya. "Mwalimu, tumpeleke wapi?" Jibu nililompa jioni ile halikuwa jibu zuri. Hapa nawaandikia wazazi na vijana wenye karatasi kama zile mkononi, kwa yale ambayo ningemwambia leo.

Kwanza, mpira wa wakubwa una nini

Wengi wanadhani tofauti ni nguvu. Nguvu zipo, lakini kijana akishinda gym mwaka mmoja anazipata. Kinachomchelewesha zaidi ni kwamba wakubwa wanajua mpira unakwenda wapi kabla haujaondoka. Kwenye U20, timu za vijana chini ya miaka 20, beki wa kulia akiwa mzito unampita kwa mbio, basi. Ligi Kuu kuna mabeki wazito kuliko yule wa U20 wasiopitika, kwa sababu wanasimama pembeni yako mapema, wanakuachia njia ya kwenye mstari, na mkono umekaa kiunoni kwako upande ambao mwamuzi haoni.

Halafu kuna pointi. Akademi unapangwa kwa sababu unalelewa. Kwa wakubwa unapangwa kwa sababu mwalimu anaamini hutampotezea kazi. Na mchezaji aliye jirani yako uwanjani ana watoto watatu, posho ya ushindi ndiyo ada ya shule. Ukiupoteza mpira katikati dakika ya 88 badala ya kuupeleka kwenye kibendera cha kona na kuukalia, hatakuambia utajifunza.

Kwa hiyo kipimo changu kwa milango yote mitatu ni kimoja: dakika za mechi zenye pointi, katika nafasi yake halisi, zitatoka wapi? Mshahara, jezi na picha ya kusaini vije baada ya hapo.

Kubaki timu kubwa

Uzuri wake haupingiki. Daktari yupo, chakula kipo, uwanja wa mazoezi ni wa maana, mshahara kwa kawaida unaingia. Kila asubuhi unakabwa na mabeki bora nchini, na hilo peke yake linafundisha. Pale Azam Complex, Chamazi, kijana anaweza kutoka timu ya vijana mpaka kikosi cha kwanza bila kubadilisha mtaa. Aishi Manula alipanda kupitia Azam, akadaka mechi kubwa angali kijana, ndipo Simba wakamchukua mwaka 2017. Himid Mao alipita njia hiyohiyo kabla ya kwenda kucheza Misri.

Nje ya nchi, mfano unaotajwa kila mara ni Phil Foden. Manchester City hawakumtoa kwa mkopo hata mara moja. Alianza kuonekana kikosi cha kwanza Novemba 2017 akiwa na miaka 17, akakaa benchi sana, na nafasi yake ilipanuka hasa David Silva alipoondoka mwaka 2020. Ukimwona leo unasema uvumilivu unalipa. Ni kweli, lakini tazama alichokuwa nacho: mwalimu yuleyule miaka yote, aliyesema hadharani anamtaka, na mtu wa mbele yake aliyekuwa anajulikana ataondoka lini. Hayo mawili ndiyo yaliyogeuza benchi likawa darasa.

Sasa lete hapa kwetu. Kanuni zinaruhusu timu ya Ligi Kuu kusajili wageni 12, na timu kubwa zinapofungua pochi zinanunua zaidi mawinga, washambuliaji na namba 10, yule kiungo mshambuliaji. Yaani nafasi za vijana wetu wengi wenye kipaji. Na walimu wa timu kubwa hawakai. Aliyekupandisha Agosti anaweza kuwa amefukuzwa Desemba, na anayekuja ana siku chache za kupata matokeo, hana muda wa kumjua mtoto wa akademi.

Hiyo ndiyo ilikuwa bahati ya winga wangu. Nilimwambia baba yake abaki, jina la timu lilinijaa machoni. Msimu wa kwanza aliingia mara tatu, zote baada ya dakika ya 85. Dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, likaja na winga mgeni. Msimu wa pili alikuwa jukwaani na tracksuit nzuri. Ligi ya vijana hakucheza kwa sababu alihesabiwa mtu wa kikosi cha kwanza, na kikosi cha kwanza hakucheza kwa sababu alihesabiwa mtoto. Alipotimiza 20, nilipomwona kwenye bonanza la mtaani, alikuwa na mwili wa mwanaume na maamuzi ya mtu wa miaka 17. Miguu ilikuwa imesahau mechi.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujasaini kubaki, andika majina ya wanaocheza nafasi ya mwanao, umri wa kila mmoja na mkataba wake unaisha lini. Wakiwa wawili na mmoja ana miaka 33, baki. Wakiwa wanne na wote wako chini ya 27, usisubiri muujiza.

Mkopo

Huu ndio mlango ninaoupenda zaidi, na ndio unaoharibiwa kirahisi zaidi. Watu wanauzungumzia kama dawa: peleka mtoto kwa mkopo, arudi mwanaume. Harry Kane alitolewa na Tottenham mara nne. Leyton Orient, mwaka 2011 akiwa na miaka 17, alifunga mabao matano ya ligi. Millwall, mwaka 2012, timu ikiwa na hofu ya kushuka daraja, alifunga 7 na wakabaki. Norwich alivunjika mfupa wa mguu akacheza kidogo sana. Leicester alikaa benchi zaidi ya alivyotaka. Mikopo minne, miwili ikamjenga na miwili ikapita. Ndipo msimu wa 2014/15, akiwa na miaka 21, akawa namba tisa wa kudumu wa Tottenham. Wanaosimulia habari zake huruka mara moja kutoka Orient hadi mabao ya Tottenham, kana kwamba hapo katikati hapakuwa na kitu.

Kwetu mfano wangu ni Novatus Dismas. Alitoka akademi ya Azam, wakampeleka kwa mkopo Biashara United ya Musoma, mkoani Mara. Mara si Chamazi. Ni mbali na nyumbani, safari ni za basi, unashuka Mbeya miguu imevimba na kesho kutwa yake kuna mechi. Lakini alicheza. Baada ya hapo Israel, kisha Zulte Waregem ya Ubelgiji, kisha mkopo mwingine kwenda Shakhtar Donetsk ambako aligusa nyasi za Ligi ya Mabingwa Ulaya, kisha Göztepe ya Uturuki. Sisemi Musoma ndiyo iliyompeleka kote huko. Nasema hakuna aliyempandisha ndege akiwa na dakika sifuri.

Mkopo unaharibika wapi? Mara nyingi kwenye swali moja ambalo halikuulizwa: nani aliyemwomba? Akiwa ameombwa na mwalimu, kwa nafasi anayocheza, mkopo una mguu wa kusimamia. Akiwa amepelekwa kwa sababu viongozi wa timu mbili ni marafiki, au kama nyongeza katika biashara ya mchezaji mwingine, mwalimu atamwona siku ya kwanza kambini na kuuliza huyu ni nani. Mzazi, omba kuongea na mwalimu mwenyewe kwa simu. Muulize amemwona mwanao akicheza mechi gani. Akiitaja mechi na akakuambia alichokipenda na asichokipenda, endelea. Akisema "nimesikia sifa zake", hapo pazito.

Jambo la pili ni mtindo. Winga anayepokea mpira miguuni akipelekwa timu inayorudi watu kumi nyuma na kupiga mipira mirefu, atatumia msimu mzima kumkimbilia beki wa pembeni wa wapinzani. Atarudi na mapafu. Labda na kukaba, ambako si kubaya. Lakini kile alichopelekewa hatarudi nacho.

La tatu ni hofu ya kushuka. Timu iliyo mkiani ikifika Februari inarudi kwa wazee wake. Mwalimu aliyekuahidi kumtumia kijana anaweza kuwa ameshaondoka kabla ya Krismasi. Ndiyo maana mimi, nikipewa kuchagua kati ya timu inayotapatapa Ligi Kuu na timu iliyotulia Championship, ligi iliyo chini yake, nachukua Championship bila kusitasita, kama kijana ana miaka 18 au 19. Ligi zote mbili zina timu 16, maana yake mechi 30. Kuanza mechi 25 kwenye viwanja vya vumbi, ukikabwa na mabeki ambao hawajali wewe ni mtoto wa nani, kunamtengeneza mchezaji kuliko kuanza tano Ligi Kuu. England wanalijua hilo: Tammy Abraham wa Chelsea alikwenda Bristol City daraja la pili msimu wa 2016/17, akafunga mabao 23 ya ligi, na baadaye akarudi kuivaa namba 9 ya Chelsea.

Ubaya wa Championship nao niuseme. Maskauti huja kwa nadra. Mishahara inachelewa. Waamuzi wanaacha mengi. Kijana atapigwa, na akitoka machozi hakuna daktari wa akademi wa kumshika bega. Timu iliyomtoa ikimsahau, anakuwa kama aliyeachwa. Kwa hiyo kabla hajapanda basi, patikane mtu mmoja wa timu mama, mwenye jina na namba ya simu, atakayemtazama walau mara moja kwa mwezi. Klabu za England zinaajiri watu kwa kazi hiyo tu. Hapa hata mwalimu wa U20 anatosha, mradi amekubali.

Kanuni moja ya FIFA imewaumiza wengi kwa kutoijua. Katika msimu mmoja mchezaji anaweza kusajiliwa na timu tatu, lakini mechi rasmi atacheza na mbili tu. Kijana akiingizwa dakika mbili Agosti na timu mama, kisha akaenda mkopo akacheza, mkopo ukifa dirisha dogo hawezi kwenda kucheza timu ya tatu msimu huohuo. Zile dakika mbili zimekula nafasi yake. Kama mpango ni mkopo, aende mapema, kabla hajaguswa na mechi rasmi.

Kupanda ndege

Hapa ndipo mioyo ya wazazi inapotekwa, na ninaelewa kwa nini.

Kwanza umri. Kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache ambayo mtoto wa Temeke au Nyamagana kwa kawaida hana. Anayekuambia klabu ya Ulaya itamsajili mwanao wa miaka 16, muulize kwa kifungu gani. Kelvin John, aliyewika na Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, hakusajiliwa na klabu moja kwa moja. Alikwenda kusoma na kucheza Brooke House College, England, na Genk ya Ubelgiji wakamchukua mwaka 2021 alipotimiza 18.

Pili, neno "Ulaya" linaficha mambo mengi. Genk wana kikosi cha pili, Jong Genk, na tangu msimu wa 2022/23 kikosi hicho kinacheza daraja la pili la Ubelgiji, dhidi ya wanaume wenye mishahara na hofu ya kushuka. Uholanzi walianza mapema, Jong Ajax na Jong PSV wako daraja la pili tangu 2013. Hispania vikosi B navyo viko ndani ya mfumo wa madaraja, ila kipo kilicho daraja la tatu na kipo kilicho chini zaidi. England ni mambo mengine kabisa: U21 za klabu kubwa zinacheza zenyewe kwa zenyewe, na wanakutana na wanaume kwenye makombe ya madaraja ya chini tu. Kijana aliyesaini klabu kubwa England anaweza kumaliza miaka mitatu bado anacheza mpira wa vijana, kwenye nyasi nzuri zaidi tu. Kwa kipimo changu, daraja la pili Ubelgiji ni bora.

Farid Mussa alikuwa moto Azam alipokwenda Tenerife ya Hispania. Huko alitumika zaidi kikosi cha pili, na mwaka 2020 akarudi nyumbani Yanga. Kipaji hakikuwa swali. Mlango ulikuwa mwembamba kuliko ulivyoonekana kutoka hapa.

Mlinganishe na Mbwana Samatta. Alitoka African Lyon kwenda Simba, na mwaka 2011, akiwa na miaka 18, akaenda TP Mazembe. Lubumbashi haina theluji, na Kiswahili kinasikika mtaani. Alicheza pale miaka minne na zaidi, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, na Januari 2016 akaingia Genk akiwa na miaka 23, mwanaume kamili. Januari 2020 akaenda Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya England. Simon Msuva naye alikomaa Yanga kwanza, ndipo Morocco mwaka 2017. Kuna njia nyingine pia, ya Victor Wanyama, aliyetoka Nairobi angali mdogo sana, Ubelgiji 2008 akiwa na miaka 17, Celtic 2011, Southampton 2013. Iliwezekana kwake. Lakini kaka yake mkubwa, McDonald Mariga, alikuwa ameshatangulia Ulaya, na kuwa na ndugu kule si jambo dogo.

Nikiulizwa, nasema Afrika kwanza kwa wengi wao. Misri, Morocco, Kongo. Ligi za wanaume, mishahara inayoeleweka, na mashindano ya CAF ambayo maskauti wanayatazama.

Na kuhusu wakala: klabu inayomtaka kijana inatuma barua ya mwaliko kwa timu yake na inalipa tiketi. Ukiombwa wewe mzazi utoe fedha za "kuandaa majaribio", funga mlango.

Karatasi yenyewe

Mkataba wa mkopo uwe umeandikwa, nani analipa mshahara na nani analipa matibabu akiumia. Kwa FIFA mkopo hauzidi mwaka mmoja, na kuuongeza kunahitaji ridhaa ya mchezaji, kwa hiyo asije mtu akakuambia umeongezwa tu. Kama inawezekana, dai kipengele cha kumrudisha dirisha dogo asipocheza idadi fulani ya mechi. Mishahara ya miezi miwili isipolipwa, mchezaji ana haki ya kutoa notisi ya siku 15 na baada yake kuvunja mkataba kwa sababu halali. Vijana wengi wanavumilia miezi sita wakidhani kudai ni utovu wa nidhamu.

Na usisaini mkataba mrefu wa kubaki kwa sababu ya fedha za usajili. Miaka miwili yenye mkopo ndani yake inatosha kwa mtu wa miaka 18.

Nafasi nayo ina neno

Haya yote ningeyapima upya kwa kila namba. Winga na straika watoke mapema, wanaishi kwa kujiamini na kujiamini kunaliwa na benchi. Namba sita, kiungo mkabaji, anaweza kubaki msimu mmoja akijifunza kwa mkubwa wake, kwa sababu kazi yake kubwa ni kusoma mchezo, na unausoma hata mazoezini. Beki wa kati asiharakishwe, kosa lake moja ni goli na magazeti hayasahau. Beki wa pembeni ana bahati: mabadiliko ni mengi, adhabu za kadi ni nyingi, mlango unafunguka wenyewe.

Kipa ni habari tofauti. Kipa namba tatu wa timu kubwa anafanya mazoezi mazuri na hachezi kabisa, kwani mwalimu habadilishi kipa kwa huruma. Kwa kipa, mkopo una maana akienda kuwa namba moja tu. Akienda kuwa namba mbili wa timu ndogo, amebadilisha benchi na kupoteza uwanja mzuri wa mazoezi. Hapo bora abaki, adake mechi za U20 kila wiki mpaka timu inayomhitaji golini itakapopiga simu.

Yule winga wangu sasa ana miaka 22. Yuko Championship, mkataba wa mwaka mmoja, mshahara mdogo kuliko ule wa jukwaani. Nilimtazama mwezi uliopita. Pasi ya kwanza iliyomfikia aliiachia kabla beki hajafika, akazunguka nyuma yake, akaipokea tena kwenye nafasi.